Meno Yenye Alama ya Uzi

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunga kibanda chake, akapitia kwa fundi wa meno ya bandia. Kushukuru tu. Wiki nzima alikuwa akitafuna mkate, karanga, hata nyama, bila kidonda.

"Meno gani, mama?" Fundi wa meno alimsogezea kisanduku. "Yako haya hapa. Hujaja kuyachukua."

"Acha utani, kijana wangu. Mdogo wangu alinichukulia. Niliyakuta kwenye glasi, kando ya kitanda."

"Hajafika mtu hapa."

Kijana alimmulika kinywani kwa tochi. Akaizima.

"Mwenye haya alikuwa anakata uzi kwa meno. Miaka mingi. Jino la mbele limelika."

Ulimi wa fundi cherehani ukaigusa alama hiyo...

Mama.

Mama ndiye aliyemfundisha kushona. Alizikwa mwaka jana, meno yake ya bandia kinywani. Mdogo mtu ndiye aliyemuuguza. Kila jioni alimpikia supu, na Mama akazidi kukonda.

Nyumbani, bakuli lilikuwa mezani tayari. Meno yalikubali kila kitu isipokuwa supu hiyo. Kila ilipokaribia, yalijifunga kama mlango uliokomewa. Wiki nzima alikuwa akiimwaga kwa siri, asimvunje moyo mdogo wake aliyemhurumia akamletea meno.

"Haya, bibi kibogoyo," mdogo mtu alimtania. "Leo unakunywa mbele yangu. Utazoea tu."

Dada mtu alinusa. Chini ya vitunguu kulikuwa na kitu kichungu... Harufu ya chumba cha Mama, siku zile za mwisho.

"Meno si ulinichukulia wewe?"

"Mimi? Uliponishukuru nilidhani ni kwa supu."

Mdogo mtu akainama, akayatazama vizuri. Kijiko kikamponyoka.

"Dada..." alinong'ona. "Nilimfunga Mama kinywa kwa mikono yangu. Yakiwa ndani."

Taya la dada mtu likafunguka. Si yeye aliyelifungua.

"Onja wewe kwanza, Kitinda."

Ni Mama peke yake aliyekuwa akimwita mdogo mtu hivyo.

Mdogo mtu hakuonja. Alibeba bakuli hadi jikoni, akalimwaga, akaliosha. Akaliosha tena. Hakugeuka.

"Nimekukosea nini?" dada mtu aliuliza. Sauti sasa ilikuwa yake.

Maji yaliendelea kumwagika.

Bado wanaishi nyumba moja. Kisanduku cha meno mapya kimo kabatini, hakijafunguliwa. Fundi wa meno alimwonya dada mtu kwamba meno ya bandia hutolewa wakati wa kulala.

Yeye hulala nayo.