Mivuto Minne ya Kamba

Anayependa visa vya usiku wa giza na bundi akatafute kwa mwingine. Hiki kilitokea mchana kweupe, saa sita na ushee, jua likiwa utosini na bahari imetulia kama maji ya beseni. Aliyenisimulia ni Skevos mwenyewe, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa kisiwani Kalimnos. Skevos si mtu wa maneno mengi. Siku aliyonisimulia alikuwa hoi, na mtu aliye hoi hana nguvu ya kutunga uongo.

Ilikuwa Agosti, siku tatu kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, kipindi ambacho mwenye boti ya kasi hana Jumapili wala Jumatatu. Skevos alikuwa siku ya arobaini na moja bila kupumzika. Asubuhi anapeleka wageni kuogelea, mchana anapeleka wengine kutazama samaki kwa miwani ya kuzamia, jioni anaosha boti na kujaza mafuta, kisha analala kidogo na kuamka tena. Asubuhi ile mgongo ulimlia kama mlango wa stoo. Akanywa kahawa mbili, nazo zikafika tumboni zikasinzia huko huko pamoja naye.

“Leo usiende,” mkewe Sevasti akamwambia. “Hebu jitazame. Marehemu wa kwenye picha ukutani wana rangi kukushinda.”

“Watu wameshafika bandarini. Nikawaambie nini? Nina usingizi?”

“Ndiyo, waambie una usingizi. Kwani kusinzia dhambi?”

Binti yao Kalotina akapita kati yao amekumbatia mapezi ya kuogelea. “Mama, mwache. Mzee akilala, boti naendesha mimi.”

“Mzee babu yako,” Skevos akajibu, na msichana akaangua kicheko chake kile cha kusikika mpaka kwangu.

Kalotina alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndiye mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kuwasha mishumaa kanisani. Kazi yake ilikuwa kuingia majini na wageni huku baba akibaki kwenye boti. Mlangoni Sevasti akamtemea mate makavu, ptu, ptu, ptu, kumkinga na kijicho cha watu. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi.

Wageni walikuwa wawili tu, mtu na mkewe kutoka Larisa, watu wa bara na ng'ombe. Bwana Lefteris alikuwa mnene na mcheshi. Bibi Fani aliogopa maji lakini hakutaka ijulikane.

“Nahodha, humu hamna papa?” Lefteris akauliza boti ilipokata mawimbi.

“Wako Mykonos kwa matajiri, bwana. Kule ndiko kuna nyama ya bei.”

Wakacheka wote. Skevos naye akacheka, ila alihisi kicheko kinatoka kwa mtu mwingine aliyekaa mbali.

Aliwapeleka kwenye kighuba cha upande wa kaskazini, mwamba pande tatu na kipande cha kokoto nyeupe ambapo mtu anaweza kukausha mwili. Kina chake mita saba, haizidi nane. Akatia nanga, akatupa nyuma ya boti ile kamba ndefu yenye boya jekundu, ya kushikwa na muogeleaji akichoka. Kisha akaketi na kamba ile mkononi, ameipitisha katikati ya vidole. Wenye boti wengine hawafanyi hivyo, na humtania sana. “We Skevos, unavua nini, Wajerumani?” Haiachii. Alilelewa hivyo.

Babu yake Nomikos alikuwa mshika kamba wa wazamiaji wa sifongo, enzi zile meli za Kalimnos zikienda mpaka pwani ya Libya. Mzamiaji akiwa chini, uhai wake wote ulikuwa kwenye vidole vya aliye juu. Nomikos alimfundisha mjukuu wake lugha ya kamba kwa kuifunga kwenye kitasa cha mlango. Mvuto mmoja, nimefika. Miwili, nilegezee. Minne, nitoe. Na sheria zilikuwa mbili. Ukishaanza kuvuta, huachi. Na unavuta polepole, hata kama roho inakutoka, maana mtu wa kina kirefu akitolewa haraka damu humchemka mwilini na anabaki kilema, akibahatika.

Sheria hizo Nomikos alizijua kwa uchungu. Siku moja nje ya bandari ya Derna, huko huko Libya, baada ya miezi mitano ya jua na kazi, alisinzia. Chini alikuwako kijana aitwaye Sakelaris. Nomikos alipozinduka na kuvuta, kamba ilikuja nyepesi. Haikuwa imekatika. Fundo lilikuwa limefunguliwa vizuri, na ncha ilikuwa nzima, wala Sakelaris hakuonekana tena. Mzee alirudi kisiwani akaishi miaka arobaini zaidi, na hadi anakufa alilala ameketi, kiganja kimefumbatwa nusu.

Basi wageni wakaogelea karibu saa nzima. Fani akazoea maji, akawa anapiga kelele za furaha kila aonapo samaki. Baadaye wakatoka kupumzika kwenye kokoto, na hapo ndipo Fani alipogundua kwamba miwani yake imemponyoka.

“Naiona ile pale chini,” Kalotina akasema akiwa majini. “Naifuata mara moja.”

Skevos akampungia. Akamwona anavuta pumzi, anapinduka, mapezi yanapotea. Kwa Kalotina mita saba zilikuwa kama kuinama kuokota ndala.

Alifumba macho kidogo tu. Ndivyo anavyosema.

Kamba ikamwamsha.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kichwa hakikufikiri kitu. Mikono ndiyo iliyoamka kwanza, mikono ya ukoo, ikaanza kuvuta. Nimelala muda gani? Mwanangu yuko chini tangu lini? Kamba ilikuwa nzito, uzito wa mtu kabisa, nayo ilitoka majini ikiwa baridi kama imetolewa kisimani. Alivuta pima ya kwanza, ya pili, ya tano. Alivuta huku akiomba.

“Baba.”

Sauti ilitoka upande wa pili, karibu na omo, mbele ya boti.

“Baba, unavuta nini?”

Kalotina alikuwa pale, nywele zimemganda usoni, miwani ya Fani mkononi. Skevos akamtazama. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Kamba ilishuka wima chini ya tezi, nyuma ya boti, imekaza, inadondosha maji. Boya jekundu halikuwepo popote. Na pale ni mita saba, naye alikuwa ameshavuta pima kumi, karibu mita kumi na nane.

“Panda,” akanong'ona.

“Kuna nini?”

“Panda botini, mwanangu. Usiulize.”

Kamba ikavuta tena. Mara nne, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi.

Skevos aliogopa. Hilo hakunificha. Aliogopa, vidole vikafunguka, na pima moja ya kamba ikamponyoka.

Kalotina akazama.

Hakurusha maji. Hakupiga kelele. Alishuka wima, macho wazi, pima moja kamili, kisha akasimama pale chini kama aliyewekwa rafuni.

Skevos akaikaza kamba. Akavuta pima moja. Utosi wa msichana ukatokea, kisha paji la uso, kisha mdomo ukanyakua hewa. Kamba haikuwa imemgusa popote. Ilikuwa upande ule, yeye upande huu, na boti nzima katikati.

“Baba,” akanong'ona, midomo imemwiva rangi ya zabibu. “Miguu imeshikwa. Usiachie.”

“Siachii.”

“Usiachie, baba.”

Kutoka kwenye kokoto Lefteris akapunga mkono, anatafuna tini. Aliona nahodha anavuta kamba na msichana anaelea. Nani angeona zaidi?

Ndipo kule chini kulipobadilika. Kokoto nyeupe zilizokuwa zikionekana tangu asubuhi hazikuwepo. Chini ya miguu ya Kalotina maji yalikuwa ya buluu ya kuelekea weusi, na hayakuwa na mwisho.

Kamba ikakimbia.

Ilimchuna viganja mpaka nyama. Ilipita, ilipita, haikwisha. Na mtoto akaenda nayo. Aliuona uso wake ukiwa mdogo kama kifungo cha shati. Kisha hakuuona.

Skevos akajitupa juu ya kamba, akaizungusha kiunoni, akaegemeza miguu kwenye tezi. Ikasimama. Boti ikainama nyuma. Akaanza kuvuta.

Sauti ya babu yake aliisikia sikioni, anaapa aliisikia. Polepole, Skevos. Polepole. Lakini niambie wewe, mtoto wako yuko gizani, hana pumzi, halafu uvute polepole? Mzazi gani aweza? Alivuta kama kichaa. Alivuta kwa uchovu wote wa siku arobaini na moja, anatapika kahawa, anavuta. Hakuhesabu pima. Damu ilimfanya ateleze, akaishika kamba kwa meno.

Kalotina aliibuka ubavuni mwa boti mpaka kiunoni, kama kizibo. Skevos akamdaka kwa nywele, akamwangusha ndani. Hapo hapo kamba ikawa nyepesi. Boya jekundu lilikuwa nyuma ya boti, pale pale lilipokuwa tangu mwanzo, linacheza kwenye maji. Chini yake kokoto nyeupe ziling'aa.

“Mnacheza mchezo gani huko?” Lefteris akapaza sauti. Baadaye aliwaambia watu kwamba msichana alizama, akakaa chini sekunde kumi, akaibuka. Sekunde kumi, basi.

Njiani Kalotina alianza kujikuna mikono. Kisha akashika kiwiko. Walipoikaribia bandari akasema, bila kulia, kwamba miguu haisikii. Skevos akaelewa. Hapa kisiwani hata mtoto wa chekechea anaujua ugonjwa huo wa mzamiaji aliyetolewa haraka. Ndio uliotuachia wazee wote wale wa magongo.

Hospitalini daktari, mama wa makamo mzaliwa wa hapa, alimpapasa msichana magoti na kumgeukia Skevos.

“Alizama mita ngapi?”

“Saba.”

“Usinichezee. Babangu alikufa na ugonjwa huu. Mita ngapi?”

“Saba, daktari. Nakuapia Mama Maria.”

Daktari hakubishana. Alimvua Kalotina saa ya mkononi, ile ya wazamiaji inayopima kina yenyewe, akaisoma, akaisoma tena, kisha akamwonyesha. Mita sitini na nane.

Walimweka siku tano kwenye lile tangi la chuma la kumrudishia mzamiaji mgandamizo wa kina, kisha kuupunguza taratibu. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto mpaka leo anauburuta, anatembelea gongo akiwa na miaka ishirini na miwili. Skevos aliuza boti. “Nilimwokoa na kumlemaza kwa mkono mmoja,” aliniambia, akaanza kulia palepale ukutani.

Nilidhani kisa kimeishia hapo, mpaka juzi, Sevasti aliponiita kwa kidole, mumewe akiwa kanisani. Alikuwa amekonda. Alinong'ona, jicho moja likiwa kwenye dirisha la binti yake.

“Wewe huoni kitu?”

“Kitu gani, dada?”

“Hajaniita mama tangu atoke hospitali. Hata mara moja. Na akimwita baba yake ni ‘mshika kamba’. ‘Mshika kamba, niletee maji.’ Umewahi kumsikia akicheka siku hizi?”

Nikakiri kwamba sijamsikia. Nikasema ni maumivu, ni majonzi, msichana mdogo kupoteza mguu si mchezo. Sevasti akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akatoa kitu mfukoni mwa aproni. Ilikuwa ile saa, akaniwekea mkononi.

Aliiweka kwenye droo siku ile ile waliyotoka hospitali, akaisahau. Alipoifungua baada ya wiki, ilikuwa inasoma mita hamsini na tisa. Hiyo haikuwa kumbukumbu ya siku ile. Ilikuwa inasoma kina cha sasa hivi, mahali ilipo sasa hivi, ndani ya droo, juu ya vitambaa vikavu. Fundi alibadilisha betri, akaizima, akaiwasha, ikarudi pale pale. Wiki iliyofuata ilisoma hamsini. Kisha arobaini na tatu. Kila baada ya mita kadhaa husimama siku mbili, tatu, kisha hupanda tena. Ndivyo anavyopaswa kutolewa mtu wa kina kirefu, na ndio maana Skevos siku hizi halali kitandani. Hukaa kwenye kiti mpaka alfajiri, macho mekundu, kiganja kimefumbatwa, anavuta hewa tupu polepole.

“Nataka uniambie,” Sevasti akasema. “Kama mwanangu bado yuko njiani anapanda, huyu aliyelala humu ndani ni nani?”

 Dirishani gongo liligonga sakafu, mara nne, kisha likanyamaza.

Nilikuwa bado nimeishika saa. Ilikuwa kavu, na ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Ilisoma mita tisa.