Aliyemwitikia Edmund Catchpole

Aliyenisimulia mambo haya kwanza ni Tobias Wragg, seremala wetu, siku ya Pasaka mwaka 1641. Yalimpata shemeji yake, Humfrey Catchpole.

Akina Catchpole walipewa shamba na mfalme, liwe lao kizazi na kizazi, kwa sharti moja. Kila mwaka, kabla jogoo hajawika, wenye mashamba hukusanyika kilimani bila taa. Msimamizi wa mfalme hunong'ona majina, nao huitika kwa kunong'ona. Asiyeitika hunyang'anywa shamba.

Mwaka ule Edmund, babake Humfrey, alikuwa amezikwa wiki tatu, lakini daftarini jina lilikuwa bado lake. Ilimpasa Humfrey amwitikie.

"Usisinzie, mwana wa Edmund," jirani yao Giles Sparrow alimtania njiani. "Ng'ombe wangu wanalipenda lile shamba."

Humfrey alishuku kwamba Giles angemtangulia kuitikia jina la Edmund, kisha adai shamba. Basi Giles alipokwisha kuitikia jina lake mwenyewe, Humfrey akamziba mdomo kwa kiganja.

"Edmund Catchpole," msimamizi akanong'ona.

"Nipo, bwana," sauti ikanong'ona katikati yao. Midomo ya Giles haikusogea.

Kulipopambazuka Giles alitema mate. "Kiganja kinanuka kitunguu! Uliniziba mdomo kwa nini, na umeitika mwenyewe?"

"Sikuitika mimi."

Msimamizi alikataa kubadili jina, kwa kuwa mwenye jina ameitika.

Tobias amekwisha kufariki. Giles yu hai. Humfrey naye yu hai, analima shamba lile na kwenda kilimani kila mwaka, na hajawahi kuitika hata mara moja.