Siku Thelathini na Tisa za Khalif

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Maka humimina chai ya Khalif. Maziwa ya ngamia mengi, sukari hakuna. Chai ikichelewa, Khalif huzunguka ua mpaka ije.

Khalif ana miaka thelathini na sita. Ni mdogo wake Maka, na Maka ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Haangalii mtu machoni. Salamu ndefu za watu wa Garissa, za kuulizana habari za watoto, mifugo, mvua na safari, humshinda. Yeye husema "Asalaam aleikum" akapita. Basi watu humwita mwenye kiburi. Maskini, kiburi angekitoa wapi?

Lakini mpeleke soko la mifugo siku ya Jumatano. Mwonyeshe chapa ya moto kwenye shingo ya ngamia. Atakwambia ni ya ukoo gani, na kama mnyama ametoka Kotile au Banissa. Madalali humwita athibitishe kwamba mnyama si wa wizi. Wakimhitaji, ni "Khalif wetu". Wakishamaliza naye, ni "yule mwendawazimu".

Jumatano moja lori lilipiga honi karibu na sikio lake. Khalif aliziba masikio, akapiga kelele, akamsukuma mnunuzi aliyekuwa mbele yake. Mnunuzi akaanguka kwenye mavi ya ngamia, watu wakitazama. Jioni hiyo hiyo Adeer Kulow, baba yao mdogo, akafika nyumbani.

"Hii kijana jini imerudi," Kulow alisema. "Ijumaa ya wiki ijayo naleta gari. Tunarudisha yeye kule."

Kule ni nyumba moja ya kutibu watu kwa kisomo cha Qur'ani. Miaka saba iliyopita familia ilimpeleka Khalif huko kwa nguvu. Watu watano walimbeba mpaka garini, na Maka alikuwa mmoja wao. Yeye alishika miguu. Alidhani anamwokoa ndugu yake. Wengi waliotenda mabaya duniani walidhani hivyo hivyo.

Khalif aliporudi, hakusema neno kwa miezi minne. Na tangu hapo hakuweza kusikiliza Qur'ani. Redio ikianza kisomo, yeye hutoka nje mbio.

"Si unaona mwenyewe?" Kulow aliuliza. "Mtu anatoroka Qur'ani. Hiyo ni nini kama si jini?"

Kulow alipoondoka, Khalif alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia yote.

"Mkinirudisha kule, nitakufa," alisema. Alisema kwa sauti ile ile anayoombea chai. Khalif hasemi uongo, hata wa mzaha. Maka aliingiwa na hofu kubwa.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, Arbia. Mwana wa Arbia, Najib, alikuwa mshauri katika kliniki ya afya ya akili. Maka alimkuta Najib akitafuta ufunguo wa pikipiki kila mahali, na ufunguo alikuwa ameushika mkononi.

Maka alimweleza habari yote. Najib alisikiliza huku akichezea tasbihi.

"Na Khalif mwenyewe anasemaje?" aliuliza.

"Khalif? Huyo hawezi kueleza kitu."

"Umewahi kumuuliza?"

Maka akatikisa kichwa.

"Abaayo, dada yangu, yule ni mtu mzima," Najib alisema. "Siwezi kumjadili kama mbuzi wa kuuzwa. Muulize. Akikubali, njooni leo."

Khalif alikubali kwa masharti matatu. Feni izimwe. Asiguswe. Aambiwe mazungumzo yataisha saa ngapi. Najib aliyaandika yote na kuyatimiza. Lile la saa alilitimiza kwa kengele ya simu, maana kichwa chake mwenyewe hakiaminiki kwa mambo ya saa.

Siku ya kwanza aliuliza habari za utotoni. Hakuna aliyetolewa damu wala kupigwa picha ya ubongo. Maka alieleza kwamba Khalif alichelewa kusema. Alipanga mawe kwa mistari akiyaita ngamia wake. Ngoma za harusi zilimliza. Khalif alimsahihisha dada yake mara sita, na mara zote sita yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Siku ya pili Najib aliuliza, "Unaweza kuniambia kilichotokea kule? Kama hutaki, tuache."

"Nilikaa siku thelathini na tisa," Khalif alisema. "Adeer husema arobaini. Si kweli. Walifunga mikono yangu kitandani kwa kamba. Walinivisha hedifoni. Kisomo kilikuwa kwa sauti ya mwisho, kutoka alfajiri mpaka isha. Masikio yangu huuma hata kijiko kikigonga sahani. Nilipiga kelele. Wakasema, jini linajibu. Wakaleta na spika."

Najib aliacha kuchezea tasbihi.

"Kabla ya hapo nilikuwa nimehifadhi juzuu kumi na saba," Khalif aliendelea. "Nilizipenda. Nilizisoma moyoni nikienda sokoni. Sasa nikisikia aya moja, mikono yangu inahisi kamba. Sikimbii Qur'ani. Nakimbia kamba."

Miaka saba Maka na jamaa zake walikuwa wakisema, tazameni, anaogopa Qur'ani, ni jini. Kumbe wao ndio waliomtia hofu hiyo. Walimjeruhi, kisha wakalifanya jeraha kuwa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nao ndio waliokuwa nguoni mwa Khalif.

"Maka alishika miguu," Khalif akaongeza. "Wa kushoto aliubana zaidi."

Siku ya tatu, daktari bingwa alizungumza nao kutoka Nairobi kwa simu ya video. Alikuwa amesoma maelezo yote ya Najib. Aliuliza maswali mengine mengi, kisha akamwambia Khalif mwenyewe, si dada yake:

"Khalif, wewe una usonji. Ulizaliwa nao. Si jini, si laana, si malezi mabaya. Ubongo wako hupokea sauti kwa nguvu kuliko ubongo wa wengi. Hatutajaribu kukugeuza uwe mtu mwingine. Lakini yale uliyofanyiwa yamekuachia jeraha. Hilo tunaweza kulitibu kwa mazungumzo, polepole, kama utapenda."

"Kwa hiyo mimi si mbovu," Khalif alisema.

"Hukuwa mbovu hata siku moja."

Khalif alifikiri. "Miaka thelathini na sita," alisema. "Mngeniambia mapema."

Jioni hiyo daktari alituma barua yenye maelezo hayo, kwa jina la Khalif.

Nje ya kliniki, Najib alimwambia Maka, "Mimi niliambiwa nikiwa na miaka ishirini na tisa. Hali yangu inaitwa ADHD. Mawazo yanarukaruka, nasahau, nachelewa, siwezi kutulia. Walimu walinichapa miaka minane wakiniita mvivu. Sasa nina kengele za simu, dawa ya daktari, na mama wa kunipigia kelele. Watu wazima kama sisi ni wengi, abaayo. Hawajui. Wanaitwa wavivu, wenye kiburi, wenye jini."

"Sasa nifanye nini ili abadilike?"

"Yeye asibadilike. Punguza kelele. Mwambie mambo kabla hayajatokea. Mtafutie mahali pa utulivu. Akikataa kitu, muulize sababu na uamini jibu lake."

Ijumaa, baada ya swala, gari lilisimama mlangoni. Kulow alishuka na wanaume wawili. Mmoja alikuwa na kamba. Maka aliketi kwenye kizingiti, mlango wote ukajaa yeye.

"Toka, Maka," Kulow alisema.

"Sitoki, Adeer. Mara ya kwanza nilishika miguu. Leo mtanifunga mimi kwanza."

"Sasa mwanamke anafundisha mimi dini? Unakataa Qur'ani?"

"Qur'ani haina kosa," Maka alisema. "Kosa ni kamba. Kosa ni spika. Alikuwa na juzuu kumi na saba kifuani, Adeer. Sisi ndio tuliomnyang'anya. Mimi na wewe."

Khalif alikuja akasimama nyuma yake. "Mimi ni mtu mzima," alisema. "Sitaki kwenda. Nina barua ya daktari. Someni."

Mwenye kamba aliichukua barua, akaisoma taratibu mpaka mwisho. Aliikunja vizuri, akamrudishia Khalif kwa mikono miwili. Kisha akarudi garini. Kulow alitukana, akapiga mlango wa gari, wakaenda. Tangu siku hiyo hakanyagi nyumba ya Maka. Kwenye harusi na matanga, nusu ya ukoo humpa Maka kisogo.

Hata hivyo mambo yalibadilika. Najib alikwenda sokoni na Khalif, wakazungumza na Liban, mkubwa wa madalali. Sasa Khalif huvaa vifuniko vya masikio, kama vile vya mafundi wa mashine. Hufanya kazi mapema, kabla malori hayajaanza kupakia. Ana kibanda cha kupumzikia upande wa nyuma. Tangu hapo hajamsukuma mtu. Kila Jumatatu hukutana na Najib, na yale wanayozungumza ni yao wawili.

Siku moja Maka alishindwa kuvumilia. Aliketi mbele ya ndugu yake, lakini hakumgusa.

"Walaal, ndugu yangu, kwa yale niliyokutendea, umenisamehe?"

Mtu mwingine angesema ndiyo, kwa adabu tu, yaishe. Khalif aliangalia ukuta.

"Hapana," alisema. "Niulize tena baada ya Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa bado miezi minane. Maka aliingia jikoni, akalia peke yake, kimya kimya, asimsumbue Khalif masikio.