Alisema Ameoneshwa

Upepo wa Makambako hauna adabu. Siku ile ya mwezi wa saba ulimvamia Eveline Mligo katikati ya stendi, watu wakiwa wanagombea magari ya Songea, wauza viazi vya kuchemsha wakinadi chini ya madirisha ya mabasi. Ulifungua mfuko wake, ukachomoa jezi tatu za kijani alizozishona wiki nzima, ukazirusha juu ya vichwa vya abiria.

"Jezi zangu jamani!"

Mbili ziliangukia kwenye mikungu ya ndizi. Ya tatu ilikuwa inaelekea barabarani, kwenye magurudumu ya malori, ndipo kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu aliporuka, akaidaka kwa mikono miwili na kutua chini kwa goti. Watu wakapiga makofi.

"Kamwene, dada," alisema akijipangusa vumbi. "Hii ni namba moja. Ni yangu."

"Yako kivipi? Hizi ni za timu ya Upepo Stars."

"Na golikipa wa Upepo Stars unadhani anafananaje?"

Eveline alimtazama kuanzia kofia mpaka goti la suruali lililochanika. "Nilidhani ni mtu mzima. Haanguki anguki mbele za watu."

"Golikipa asiyeanguka huyo ni shabiki, ndugu yangu mnyalukolo."

Eveline alicheka huku akishikilia sketi yake ndefu ya bluu isipeperuke. Alikuwa fundi cherehani wa Mjimwema, Njombe, mwenye miaka ishirini na saba. Kila Jumatano jioni aliongoza kikundi cha maombi cha usharika wao wa Kilutheri. Sadock Mlowe alikuwa amekulia Lupembe, akichuma chai na wazazi wake, na alikuwa amekuja Makambako kwa ajili ya mpira tu. Jioni hiyohiyo alipiga simu kuuliza kama jezi inafuliwa kwa maji ya moto. Kesho yake aliuliza kama inapigwa pasi. Siku ya tatu hakuuliza habari za jezi.

"Mama mchungaji, umeshakula?"

"Nimekula. Na usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Niite jina langu."

"Eveline," alisema polepole, kama mtu anayeonja chai kujua kama ina sukari. Eveline akakata simu, akakaa anacheka peke yake mbele ya cherehani.

Kabla ya Krismasi alikuwa na kadi ya uanachama wa Upepo Stars. Mwezi wa kwanza wanachama walimchagua kuwa katibu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kila mtu alijua kwamba dada Eveline hasemi uongo.

Mwezi wa tatu ndipo lilipokuja suala la ligi ya Zambia.

Mwenyekiti wa timu, Rehani, alikuwa msafirishaji. Malori yake yalipita Tunduma kila wiki, na huko ng'ambo, Nakonde, alikuwa amezungumza na watu wa mpira. Kulikuwa na nafasi moja katika ligi yao ya chini, na walikuwa tayari kuomba kibali ili timu ya Tanzania iingie. Alilieleza jambo hilo katika mgahawa wa Anifa, mbele ya sahani ya maharage.

"Mwaka jana tulienda Bukoba kwenye mashindano," alisema. "Siku mbili barabarani. Vijana walishuka miguu imevimba kama viazi. Nakonde ukitoka asubuhi, mchana unakula. Jirani yetu ni yupi hapo?"

"Na sisi mashabiki?" Anifa aliuliza akiwa na sufuria mkononi. "Tutashangilia kwa simu? Timu ya Makambako ikifungwa Zambia, nani atalia?"

"Utalia wewe, Anifa, kwa sababu wateja watapungua."

"Hilo nalo ni kweli," Anifa akakubali, na wote wakacheka.

Sadock hakucheka. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Eveline aliyaona, na moyo wake ukashuka. Wachezaji wangekaa kambini Nakonde miezi tisa.

Jumapili iliyofuata walitembea pamoja kutoka kanisani. Eveline alikuwa amevaa kitenge kipya chenye maua ya zambarau, Sadock shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, vibaya.

"Miezi tisa, Sadock."

"Nina miaka ishirini na tisa. Golikipa akifikisha thelathini katika ligi ya mkoa, anapewa filimbi afundishe watoto. Huko wapo watu wa timu kubwa wanaokuja kutazama wachezaji. Ni mara moja tu, Eveline."

"Na mimi?"

Sadock alitabasamu kwa namna ambayo Eveline hakuielewa. "Wewe nina jambo lako. Nitakuambia baada ya kura. Siyo sasa."

"Niambie sasa."

"Siyo sasa. Omba tupite."

Alikwenda nyumbani na neno hilo kifuani. Jambo gani ambalo mwanaume hawezi kulisema kabla ya kuondoka? Alijijibu mwenyewe: ni kuagana. Alifunga siku tatu. Alipiga magoti asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake na mchana kabla ya kunywa maji. Alimwuliza Mungu kama timu iende au isiende. Mungu alikaa kimya. Siku ya tatu bado alikuwa kimya, na katika ukimya ule Eveline alisikia kitu kimoja tu, hofu yake mwenyewe, ikiongea kwa sauti anayoijua.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi katika darasa la shule ya msingi. Wanachama sitini na mmoja walibanana kwenye madawati ya watoto. Rehani alieleza. Wazee wawili walipinga kwa habari ya kucheza chini ya bendera ya wengine. Vijana wakawazomea kidogo, kwa heshima. Ilikuwa wazi kwamba kura ya ndiyo ingeshinda. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho, na katibu akaweka kalamu chini, akasimama.

"Nimeomba na kufunga siku tatu," Eveline alisema. "Nimeoneshwa gari letu. Nimeliona kwenye mteremko kabla ya Tunduma, limelala ubavu. Nimeona jezi za kijani barabarani."

Katika nyanda zile mtu anaweza kubishana na mwenyekiti, hata na mchungaji, lakini hakuna anayebishana na mtu aliyesema ameoneshwa katika maombi. Wamama wakaanza kusema "Ee Bwana" chini chini. Hata Rehani, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuwa na kawaida ya mikutano ya maombi, alivua kofia yake akaiweka mezani.

Mikono ya ndiyo ilikuwa kumi na minne. Mmojawapo ulikuwa wa Sadock, umenyooshwa juu kabisa, peke yake katika safu yake.

Baada ya mkutano hakumtafuta Eveline. Alimtafuta Anifa, akanywa chai, akaondoka. Ni Anifa aliyempigia Eveline jioni.

"Wewe dada, hivi alikuambia kuhusu mjomba wake?"

"Mjomba gani?"

"Anold wa Lupembe. Walishapanga. Kura ikipita, wiki inayofuata anakuja kwenu Mjimwema kama mshenga. Rehani alishamwahidi nyumba Nakonde, siyo kambi. Nyumba ya watu wawili. Alitaka akushtukize. Mimi nilijua, nikafunga mdomo. Ningejua ungeota ndoto zako ningekuambia!"

Eveline alikaa sakafuni, simu sikioni, hata baada ya Anifa kukata.

Angeweza kunyamaza. Watu wengi wangenyamaza. Lakini maneno yale yalikuwa yameshaingia kwenye kundi la WhatsApp la timu, na kutoka hapo yakaenda kwenye makundi ya kwaya, ya wafanyabiashara, ya shule. Kufika Jumatano yalikuwa yamemfikia Festo, mwenye Coaster aliyoiendesha mwenyewe kuipeleka timu safari zake. Siku za kawaida Festo aliitumia Coaster hiyo kubeba harusi na misiba. Alikuja Mjimwema mwenyewe, mtu wa makamo, kofia mkononi.

"Dada Eveline, sikuja kugombana. Nataka kuuliza tu. Katika yale maono, uliniona usukani?"

"Kaka Festo..."

"Maana harusi ya Jumamosi wamekodi gari lingine. Msiba wa Igwachanya wamepanda lori, wamama na baridi hii, kuliko kupanda kwangu. Mke wangu ananiambia niuze gari nilime viazi. Miaka kumi na saba sijakwaruza hata kioo. Sasa kama Mungu amesema, nitaacha. Ila naomba uniambie vizuri alivyosema."

Eveline alimtazama mtu yule aliyesimama kwa unyenyekevu mlangoni, akiwa tayari kuacha kazi yake kwa neno ambalo Mungu hakulisema. Akaelewa alichokifanya.

"Hakusema," alisema. "Kaka Festo, hakusema kitu."

Aliitisha mkutano yeye mwenyewe kama katibu, Jumapili baada ya ibada, darasa lilelile. Alivaa nguo nyeusi bila kupanga iwe hivyo. Hakulia, alisoma kwenye karatasi ili asipunguze neno.

"Sikuoneshwa kitu. Niliogopa kuachwa, nikalitaja jina la Bwana ili mniogope. Festo hana kosa. Gari halina kosa. Nimewadanganya ninyi, na nimemsingizia Mungu."

Mzee mmoja alitoka nje bila kuaga. Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi alisema kwa sauti, "Na yale ya ugonjwa wangu uliyoniambia mwaka jana, je?" Swali hilo lilimuuma Eveline kuliko matusi.

Rehani alisugua paji la uso. "Ningependa kusema tupige kura upya. Lakini barua ya kukubali ilitakiwa ifike Ijumaa. Nafasi wameipa timu nyingine." Akainua mikono. "Basi. Festo, Jumamosi unabeba familia yangu kwenda Iringa, wote, na mama yangu akae mbele. Watu waone."

Sadock alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha la darasa, akizuia upepo kwa kola ya koti.

"Ulikuwa na nyumba," Eveline alisema. "Anifa ameniambia."

"Nilikuwa nayo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe pale uliposoma ile karatasi." Akatazama malori yakipanda barabara kuu. "Unajua tangu tuanze, kabla ya kila mechi nilikuwa nasema moyoni, Eveline ananiombea. Nikiruka, naruka na hilo. Sasa ukiniambia umeniombea, nitajuaje kama ulikuwa unaongea na Mungu au na hofu yako?"

"Hata mimi sijui nitajuaje."

"Hilo ni jibu la kweli," Sadock alisema. Akamgusa bega, kidogo, kama mtu anayegusa pasi kujua kama bado ina moto.

Mwezi wa tano Rehani alimtafutia majaribio kwenye timu ya Nakonde, peke yake. Alikubaliwa. Aliondoka na lori la mahindi, asubuhi ya ukungu. Eveline alikuja kutoka Njombe kumuaga. Alimpa sweta alilolifuma lenye mikono mirefu kuliko kawaida, kwa sababu ya urefu wake, na Sadock akalivaa palepale juu ya shati.

"Linanitosha."

"Najua vipimo vyako."

Sadock hakutaja habari za mjomba Anold, naye Eveline hakuuliza. Alijua kwamba kama angeuliza, angepewa jibu la upole, na hakutaka upole.

Simu ilikuja Jumapili ya tatu, mchana, mtandao ukikatikakatika.

"Tumefungwa mbili."

"Zote kosa lako?"

"Moja. Ya pili upepo. Hata huku upo." Akacheka, kicheko kifupi. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakiongea lugha nyingine.

"Eveline. Unaniombea?"

"Naomba. Kila siku."

"Unaoneshwa nini?"

Alifunga macho. Mbele yake cherehani, nje barabara ya Mjimwema, watoto wakirudi kutoka shule ya Jumapili.

"Sioni kitu, Sadock. Naomba tu."

Ng'ambo ya pili Sadock alivuta pumzi, muda mrefu.

"Basi endelea hivyohivyo," akasema.