Gari Letu Linasema Nini?

Mwalimu na mkewe waliliita gari lao Shangazi. Lilikuwa zee, la rangi ya maziwa. Lililalamika njia nzima, lakini lilifika. Mlango wake wa nyuma haukufunguka mpaka uunyanyue kidogo. Kila asubuhi Mwalimu alitia maji ya bomba kwenye rejeta, akapapasa boneti na kusema, "Haya Shangazi, twende kazini."

Mke wa Mwalimu alikuwa mwokaji wa keki. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Alioka nyumbani kwa oveni ndogo ya kuazima, keki moja moja, na kila Jumamosi Shangazi alizipeleka kwa wateja. Kwa miaka miwili Mama Keki alijinyima, akiweka akiba ya kununua oveni kubwa. Sasa pesa zilikuwa zimetimia.

Jumamosi moja walikuwa wanapeleka keki ya ghorofa mbili. Mama Keki aliketi nyuma, amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Gari likaanza kupiga kelele upande wa mbele. Mwalimu akafanya alichozoea. Akaongeza sauti ya redio.

"Mume wangu, hiyo kelele ni ya nini?"

"Kelele gani? Mimi nasikia muziki tu."

Ghafla mbuzi akakatiza barabara. Mwalimu akakanyaga breki. Shangazi hakusimama palepale. Aliyumba kulia, akalia kiii, ndipo akasimama. Mbuzi alipona. Keki haikupona. Ghorofa ya juu ilikuwa mapajani mwa Mama Keki, na krimu ilikuwa imemfika kwenye nyusi.

Mteja hakugomba. Alisema tu, "Mara nyingine nitatafuta mtu mwenye gari zima." Neno hilo lilimchoma Mama Keki kuliko matusi.

Walipofika nyumbani Mwalimu alisema, "Basi, yatosha. Mdogo wangu anauza gari lake. Linang'aa kama sahani ya mgeni. Tulinunue kwa pesa ya oveni."

"Pesa ya oveni! Sasa hilo gari litabeba nini? Hewa?"

"Nusura tufe, mke wangu. Mwaka huu nimebadilisha betri, plagi na pampu ya mafuta. Shangazi anakula tu, hashibi."

Mama Keki alitaka kujibu, lakini akakumbuka lile gari lilivyoyumba. Usiache breki mbovu kwa sababu ya keki, alijiambia. Lakini moyo ulimuuma.

Kesho yake alivuka uchochoro kwenda kwa jirani yao. Jirani huyo alikuwa fundi wa magari, mwanamke mwenye viganja vipana na ulimi mwepesi.

"Leo umeniletea keki au matatizo?" aliuliza Fundi.

"Matatizo, jirani. Keki niliivaa jana. Na sasa Mwalimu anataka kununua gari la mdogo wake kwa pesa ya oveni."

Fundi alicheka, akachukua jeki na kumfuata. Alimkuta Mwalimu amesimama kando ya gari.

"Linalia vipi?" aliuliza Fundi. "Likikata kona, au likisimama?"

Mume na mke walitazamana.

"Linasumbua tu," alisema Mwalimu. "Nimebadilisha betri, plagi na pampu, wapi!"

"Ukienda hospitali ukasema 'nasumbuka tu', daktari atakutibu nini? Ndiyo maana mliondoa mpaka betri isiyo na kosa. Mafundi walibahatisha, na wewe ukalipia kubahatisha kwao. Na hiyo redio ndiyo adui yako. Gari linasema na wewe, wewe unaliimbia!"

Mama Keki aliinama kuficha kicheko.

Fundi alifungua magurudumu ya mbele. Pedi za breki zilikuwa zimeisha, chuma kinasaga chuma. "Hizi nabadilisha leo hii. Breki hazisubiri mshahara. Mengine nitayajua mkinisaidia. Siku tatu msiwashe redio. Kila kelele iandikeni: inaliaje, na inalia wakati gani. Tazameni na chini ya gari kila asubuhi."

Mwalimu aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka zawadi. Siku ya nne alimpa Fundi daftari. Fundi akasoma kwa sauti:

"'Ka-ka-ka-ka, nikikata kona ya kushoto karibu na posta.' Posta haina kosa, Mwalimu. Ni kiungo cha gurudumu. Mpira wake umepasuka, vumbi limeingia." Akafunua ukurasa. "'Asubuhi, chini ya injini, dimbwi dogo kama kisahani.' Hapa kuna mpira wa rejeta unaovuja. Ungeendelea kuongeza maji tu, siku moja injini ingechemka na kufa."

Kisha akalala chini ya gari na kugongagonga chasisi, ule uti wa chuma unaobeba gari, kwa nyundo ndogo. Mama Keki alichutama asikilize. Sauti ilikuwa kavu, ngo, ngo, ngo.

"Chuma ni kizima," alisema Fundi akitoka. "Kutu ipo, ila ni ya juu juu. Sasa sikilizeni. Gari likiwa zee, na mfuko ni mwembamba, tengeneza kwanza kinachoua. Pili, kinachokulaza njiani. Mwisho kabisa, kinachokuaibisha, kama rangi. Kwa hili lenu, kazi yote iliyobaki haifiki hata robo ya bei ya lile jingine. Na hilo jingine, mmeuliza kwa nini linauzwa?"

Hawakuwa wameuliza. Jumapili mdogo wake Mwalimu alipokuja, Mama Keki alimkalisha.

"Shemeji, sema kweli. Gari lako lina kasoro gani?"

"Nikikudanganya utaninyima keki, shemeji. Halina kasoro. Linakunywa mafuta tu, kama ngamia aliyefika kisimani. Na spea zake huagizwa mbali."

"Kumbe ulitaka kutuozesha ngamia!"

"Nilitaka abaki kwenye ukoo!"

Wote walicheka, hata Mwalimu. Jioni hiyo aliirudisha bahasha ya oveni mikononi mwa mkewe. "Nilitaka kukuokoa," alisema. "Kidogo nikuangushe."

"Uliogopa, baba. Hata mimi niliogopa."

Fundi alimaliza kazi iliyobaki, nao wakamlipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa Mwalimu. Fundi aliwapa na sharti: "Mtaniletea Shangazi kila baada ya miezi sita. Siku nikisema chasisi imeoza, au injini inataka kufunguliwa, hapo muuzeni. Msilie, wala msinibembeleze."

Mwezi uliofuata oveni ilinunuliwa. Mama Keki alitaka ibebwe juu ya Shangazi. Mwalimu alikataa katakata, akakodi pikapu. Sasa keki nne ziliokwa kwa pamoja. Wateja waliongezeka, na kila wiki Mama Keki alitenga kitu cha gari lijalo, hata kama ni kidogo.

Siku moja, akisubiri keki ziive, Mama Keki alimtazama Shangazi kupitia dirishani.

"Kweli atatufikisha mwaka kesho?"

"Fundi amesema hata miwili, tukimsikiliza," alijibu Mwalimu.

"Basi ondoa gari juani, mume wangu. Uje uonje hii."