Breki ya Baiskeli Namba Saba

Kila asubuhi Arlette aliamka akaikuta nyumba kimya. Tantine Léontine, dada wa baba yake, alikuwa amekwisha kwenda sokoni na beseni lake la mawese. Mezani palikuwa na kipande cha muhogo kilichofunikwa kwa sahani. Arlette alioga, akala akiwa amesimama, akafunga mlango na kushika njia ya parkingi.

Parkingi ile ilikuwa jambo jipya pale Kasongo. Zamani pikipiki zilisimama popote, hata mbele ya lango la soko, na akina mama wenye mizigo walikosa pa kupita. Sasa mji ulikuwa umetenga uwanja mmoja: upande huu pikipiki, upande ule baiskeli ishirini za rangi ya njano kwa wanafunzi wanaokaa mbali na shule. Sheria yake ilikuwa rahisi. Mwanafunzi wa asubuhi airudishe baiskeli saa sita mchana, ili mwenzake wa alasiri naye aipande. Msimamizi alikuwa Mama Rosine, fundi mwenye vidole vyeusi kwa grisi, ambaye ujanani aliwahi kusukuma baiskeli za mizigo mpaka mji wa Kabambare.

Arlette alikuwa na miaka kumi na miwili, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu mjini. Baba yake alichimba dhahabu Salamabila. Mama yake alibaki Kabambare na wadogo zake. Yeye aliletwa kwa shangazi ili amalize shule ya msingi. Darasani, alipofungua mdomo, wasichana walicheka namna alivyovuta maneno, kwa hiyo akajizoeza kunyamaza. Wakati wa mapumziko alisimama ukutani. Jioni Tantine alirudi amechoka, akala, akalala. Kuna siku Arlette alihesabu maneno aliyoyasema tangu asubuhi, akakuta hayafiki ishirini.

Kisha akagundua kizuizi cha barabara ya Kabambare, nje kidogo ya mji, ambapo pikipiki zinazotoka safari husimama. Siku moja alimsikia dereva mmoja akiongea Kibangubangu, lugha ya nyumbani kwao. Akamsogelea, akamsalimu kwa lugha hiyo.

"Ee, uko mutoto wa nani?" dereva aliuliza. Jina lake lilikuwa Pacifique.

"Wa mama Darlène, karibu na soko la Kabambare."

"Namujua! Mama yako iko muzima. Nilimuona Jumatatu."

Tangu siku hiyo, shule ilipotoka, Arlette hakuirudisha saa sita baiskeli namba saba, aliyopangiwa yeye na mwenzake wa alasiri. Aliipanda moja kwa moja hadi kizuizini, akakaa juu ya jiwe akingoja vumbi lionekane kwa mbali. Aliirudisha saa tisa, na Mama Rosine alipomuuliza, alijibu, "Tulichelewa kutoka, mama." Uongo wa kwanza aliusema akitazama chini. Wa tano aliusema akimtazama usoni.

Siku moja alingoja bure. Pacifique hakuja, wala mtu mwingine yeyote wa Kabambare. Akarudi kwa kasi, macho yamejaa machozi, akaingia kwenye shimo. Waya wa breki ukakatika. Alisimamisha baiskeli kwa miguu, viatu vikikwaruza udongo. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Akachuna uzi wa mgomba, akaufunga ule waya vizuri hata ukaonekana mzima.

Parkingini Mama Rosine alikuwa ameinamia gurudumu la mtu.

"Namba saba iko sawa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Iko sawa, mama."

Asubuhi iliyofuata Arlette alikwenda shule kwa miguu.

Saa sita mchana alifika parkingini msichana wa zamu ya alasiri, Faida. Kwa siku nyingi alikuwa akiikosa namba saba, akitembea juani na kukuta lango la shule limefungwa. Siku hiyo aliikuta imesimama inamngoja. Akaipanda kwa furaha. Kwenye mteremko wa kijitoni akabana breki, na breki haikumjibu. Walimwokota chini ya daraja, mkono wake wa kulia umevunjika.

Habari zikaenea kabla ya jioni. Wakubwa wa mji wakazifunga baiskeli zote kwa mnyororo. Walisema Mama Rosine hakukagua vyombo, na kwamba atafutwe mtu mwingine. Wanafunzi wakarudia kutembea. Arlette alipita mbele ya parkingi, akamwona fundi ameketi peke yake, mikono imetulia mapajani. Usiku huo na uliofuata alikiacha chakula mezani. Upweke wa kukosa watu alikuwa ameuzoea. Huu wa kuwa na siri ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu hata mtu akimsalimu, alitamani kukimbia.

Siku ya tatu alikwenda, akasimama mbele ya Mama Rosine.

"Mama, waya ulikatikia mikononi mwangu. Nikaufunga kwa uzi. Nikakudanganya."

Mama Rosine aliinua kichwa. "Na saa zile ulizokuwa ukichelewa, ulikuwa unakwenda wapi?"

Arlette akasema yote: kizuizi, jiwe, Kibangubangu. Alitarajia kofi. Mama Rosine alisimama tu, akajifunga kitenge vizuri. "Twende. Si mimi uliyemuumiza zaidi."

Kwao Faida, bibi yake aliwatandikia mkeka. Faida alisikiliza, mkono umefungwa vijiti na bendeji.

"Ulijua haina breki?"

"Nilijua."

"Na wiki zote zile, ni wewe uliyekuwa nayo?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Faida aligeuza uso ukutani. "Rudi siku nyingine," alisema. "Leo siwezi."

Kesho yake Arlette alikiri yote mbele ya wakubwa wa mji, Tantine Léontine akiwa nyuma yake. Baiskeli zikafunguliwa, na Mama Rosine akabaki na kazi yake. Arlette alinyimwa baiskeli mpaka mkono wa Faida upone, na kila mchana angesaidia kukagua breki. Tena ikawekwa desturi mpya: atakayeona chombo kina kasoro afunge kitambaa chekundu kwenye usukani, na hataulizwa kwa ukali.

Mchana wa kwanza, Mama Rosine alimkabidhi koleo la kukazia waya.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kuwakumbuka watu wa kwenu si kosa. Ungeniambia, ningekutafutia nafasi ya kwenda kizuizini Jumapili. Lakini ulidhani uko peke yako na ile baiskeli, kumbe kila siku mlikuwa wawili. Kitu cha wote kina watu usiowaona. Ukisema kweli unawalinda. Ukificha, unawaangusha mteremkoni. Mtu hajui uongo wake utampata nani."

"Faida atanisamehe, mama?"

"Hilo ni lake. Lako ni kurudi alivyokuambia."

Arlette akachuchumaa kando ya baiskeli ya kwanza, akabana breki kwa nguvu zake zote, akasikiliza.