Ukuta wa Bomba

Nyumba ya Fundi Kufuli ilikuwa na milango saba, na yeye alikuwa mmoja. Mchana alikaa chumba cha mbele akichonga funguo za watu. Jioni alifunga mlango mmoja baada ya mwingine, na hakuwepo wa kumuuliza, "Na wa uani umefunga?" Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Binti yao wa pekee alifanya kazi mji wa mbali, akipiga simu kila Jumapili.

Mume na mke hao walikuwa na majina yao wenyewe ya sehemu za nyumba. Chumba alichougulia binti surua kiliitwa chumba cha homa. Kona ya jikoni waliyonuniana wiki nzima iliitwa baraza la ugomvi. Ukuta wa jikoni uliitwa ukuta wa bomba, ingawa bomba lenyewe lilihamishwa zamani. Sasa lugha hiyo ya watu wawili ilibaki na msemaji mmoja.

Fundi Kufuli akaamua kuuza sehemu ya mbele. Yeye angebaki na jiko na chumba cha kulala, kile alichoishi na mkewe miaka thelathini. Mnunuzi akapatikana, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Muuza Vioo. Walizungumza vizuri. Muuza Vioo akaandika mkataba kwa mkono wake, kama Fundi Kufuli alivyomtajia, ukurasa mmoja tu: "Ninauza sehemu ya mbele ya nyumba yangu mpaka ukuta wa bomba." Kusaini kuliwekwa Ijumaa.

Jumatano Muuza Vioo alikuja na futi ya kupimia. Alipima chumba cha mbele, akapima ukumbi, akapita jikoni bila kusimama. Fundi Kufuli akamkuta chumbani, futi imelala juu ya shuka.

"Hapa nitasimamisha vioo vikubwa," alisema Muuza Vioo. "Pana kivuli kizuri."

"Hapa ndipo ninapolala."

"Mzee, si tumekubaliana mpaka ukuta wa bomba?" Akanyoosha kidole dirishani. Kweli, bomba lilikuwa hapo nje, kwenye ukuta wa mwisho kabisa, likidondosha maji kwenye ndoo.

Fundi Kufuli alikwenda kuutafuta mkataba, akausoma tena.

Jioni hiyo alipiga hodi kwa jirani. Jirani huyo aliitwa Mama Muhuri, kwa kuwa alifanya kazi masjala ya ardhi miaka mingi, akigonga mihuri kwenye hati za watu hadi alipostaafu. Alikuwa rafiki wa marehemu.

"Karibu, shemeji. Tangu mazishi hujakanyaga hapa."

"Nina karatasi."

"Kumbe. Ningejua karatasi ndiyo inayokuleta, ningekuandikia barua."

Akavaa miwani, akasoma. "Ukuta wa bomba ni upi?"

"Wa jikoni."

"Jikoni kwako hamna bomba."

"Lilikuwepo. Tulilihamisha mtoto akiwa darasa la kwanza."

"Nani anajua hayo?"

"Mimi na mke wangu."

Mama Muhuri alivua miwani. Akaikunja, akaikunjua. "Basi shahidi wako haitiki, shemeji."

Akaiweka karatasi mezani.

"Muuza Vioo si mwizi," aliendelea. "Amesoma kilichoandikwa. Ukisaini hii, umeuza na kitanda."

"Nitamweleza. Ni mtu mwelewa."

"Leo ni mwelewa. Naye akiuza, utamweleza nani? Maneno ya mdomo huzikwa na wenyewe. Ukuta hauitwi jina, unapimwa. Mwite mpima ardhi mwenye leseni, achore ramani. Ramani iambatane na mkataba. Na wewe utatokea wapi? Mlango wako wa kwendea barabarani si uko mbele?"

"Nilidhani nitapita tu."

"Utakatiza duka la vioo kila siku na ndoo mkononi? Siku ukijikwaa, utauziwa duka zima." Fundi Kufuli alicheka. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. "Haki ya njia iandikwe. Sasa nenda kalete hati."

Akaileta. Mama Muhuri akaweka kidole kwenye mstari wa wamiliki. Majina yalikuwa mawili, nusu kwa nusu.

"Mwenzio bado ni mmiliki," alisema polepole. "Fungu lake halikuhamia kwako kwa sababu ulimlilia. Sasa ni la warithi, yaani wewe na binti yenu. Mahakama imteue kwanza msimamizi wa mirathi. Kabla ya hapo huwezi kuuza hata tofali. Na huyo mnunuzi wako angekwenda masjala kufanya upekuzi, angeliona jina hili mapema. Cheti cha kifo unacho?"

"Kipo. Sijakitoa kwenye bahasha."

"Miaka miwili?"

"Nikikipeleka, nitakuwa nimekubali."

Mama Muhuri alitazama pembeni. "Najua," alisema.

Muuza Vioo aliposikia habari alikunja uso. "Mzee, unanizungusha. Nyumba ziko nyingi." Akaondoka bila kuaga. Siku tisa hakuonekana, na Fundi Kufuli alirudi kufunga milango yake saba kimya kimya. Siku ya kumi Muuza Vioo akarudi. Alikuwa amekwenda masjala kuuliza mwenyewe.

"Nitasubiri," alisema. "Heri nichelewe kuliko kujenga kwenye haki ya mtu."

Binti alisema kwenye simu, "Baba, uza tu. Mimi sihitaji kitu." Mama Muhuri alipoelezwa, akatikisa kichwa. "Hata kutohitaji kunaandikwa. Aje asaini." Binti akaja kwa siku mbili.

Mahakamani karani kijana aliuliza, "Hali ya ndoa?"

Fundi Kufuli alitoa cheti cha kifo kwenye bahasha, akakiweka mezani. Karani akaanza kuandika "mjane".

"Mjane ni mwanamke," alisema Fundi Kufuli. "Mwanamume ni mgane. Andika mgane."

Hakuwahi kulitamka neno hilo juu yake mwenyewe. Binti alimshika kiwiko. Kesho yake asubuhi alisafiri.

Miezi ikapita. Mahakama ilimteua Fundi Kufuli kuwa msimamizi wa mirathi, na binti akaridhia fungu la mama yake liwe la baba. Mpima ardhi akagawanya nyumba kwenye ukuta wa jikoni, akachora na njia ya pembeni. Mkataba mpya uliandaliwa na wakili, ukataja vipimo, njia, na nani atalipia kodi na ada za uhamisho. Kila mmoja aliusoma na kusaini mbele ya mashahidi. Masjala ikatoa hati mbili: ya Muuza Vioo, na ya Fundi Kufuli peke yake.

Sasa sauti za wateja zilipenya ukutani mchana kutwa. Jioni duka likifungwa, kimya kilirudi, kirefu kama zamani. Lakini chumba kilikuwa chake, na aliyelala humo hakuwa na wa kumhamisha.

Alimpelekea Mama Muhuri hati mpya aione. Mama Muhuri akaisifu, kisha akasema bila kumtazama, "Yangu bado ina jina la marehemu mume wangu. Mwaka wa kumi na moja."

"Wewe? Mwenye mihuri?"

"Mganga hajigangi, shemeji. Nimewafundisha watu wengi. Kila ikifika zamu yangu, miguu inakataa."

Fundi Kufuli alifikiri. "Kesho saa mbili nitakugongea."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Sisi tutakuwa kwenye foleni."

Asubuhi hakupata hata nafasi ya kugonga. Mama Muhuri alikuwa amesimama nje ya mlango wake, viatu mguuni, hati kwapani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Twende," alisema, "kabla sijarudi ndani."